Baridi ya Mama

Kitu cha kwanza ninachokumbuka kuhusu mama yangu ni mkono wake, na mkono ule ulikuwa wa baridi. Kindu si mji wa baridi. Hata msimu wa mvua, unyevunyevu wa mto unakugandia mwilini na nguo inashika mgongo kabla hujafika sokoni. Lakini mama alikuwa akinishika kichwa ili anisuke, nami nilisikia vidole vyake kama kitu kilichotolewa kisimani.

Alivaa sweta ya wanaume, ya kahawia, na juu yake alijifunga kikwembe, yaani kitenge, mabegani. Wakati majirani wetu wa mtaa wa Mikelenge walipokuwa wakisogeza viti vyao kufuata kivuli, yeye alisogeza chake kufuata jua. Alikaa pale ukutani na meza yake ndogo ya chumvi na mafuta ya mawese, macho yamefumbwa nusu, na jasho halikumtoka hata tone. Ngozi yake ilikuwa imepauka, si weupe wa mtu aliyezaliwa mweupe, ni rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi mno. Nyusi zake ziliishia katikati. Uso wake ulikuwa laini kama wa mtoto, lakini ukimkaribia uliona mikunjo myembamba sana, kama karatasi iliyokunjwa kisha ikanyooshwa.

Jambo lililotisha watu zaidi lilikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito na ya chini, na haikuja mara moja. Ulimuuliza bei ya chumvi, akakutazama, ukafikiri hakusikia, ukafungua mdomo kurudia, ndipo jibu likafika. Ilikuwa kama vile mtu anayejibu hakuwa pale kwenye kiti, alikuwa chumba kingine, na neno lako lilipaswa kwenda huko kwanza.

Watoto wa mtaa walikuwa na mchezo wao. Mmoja alitumwa kununua chumvi, na wenzake walisimama mbali kutazama kama ataweza kupokea chenji kutoka mkononi mwa mama bila kukimbia. Wengi walikimbia. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, karibu na miguu yake, na mama hakuwafokea wala hakuwacheka. Aliiweka chenji mezani na kufumba macho tena.

Nilikuwa na umri wa kuanza shule nilipomuuliza. Msichana mmoja alikuwa ameniambia kwamba mama yangu alikufa zamani wakati wa vita, na kwamba aliyerudi mjini ni kitu kingine kilichovaa mwili wake. Nilirudi nyumbani nikamkuta anachambua mchele.

"Mama, wewe ulikufa?"

Mikono yake iliendelea kutembea juu ya ungo, polepole. Nilingoja. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kutaja bei ya mafuta, "Sijui."

Hakuna aliyenieleza habari ya msituni mpaka nilipokuwa msichana mkubwa. Mama mwenyewe hakuizungumzia. Ni dada yake, mama mukubwa wangu, aliyeishi nasi na kutulea sote wawili, mimi na mama, aliyeniambia siku moja tukiwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo ya kupika.

Alisema kwamba siku askari walipoingia mjini, risasi zilisikika kwanza upande wa stesheni, kwa hiyo watu wa mtaa wetu walikwenda kinyume, wakaifuata reli kidogo, kisha wakaiacha na kuzama porini. Mama alikuwa na mimba yangu, nzito. Baba alikuwa ng'ambo ya pili ya mto kwa kazi zake na hakuweza kuvuka. Kwa hiyo walikwenda wanawake watatu: mama, mama mukubwa, na mama yao mzazi, yaani bibi yangu. Bibi hakufika mbali. Aliketi chini kando ya njia kama anayepumzika, akaegemea mti, na walipomwamsha waendelee hakuamka. Walimfunika kwa majani. Hawakuwa na jembe, na watu waliokuwa nyuma yao walikuwa wakiwahimiza waondoke. Mama alilia njia nzima, alisema mama mukubwa, mpaka wenzao wakamwomba anyamaze kwa sababu ya askari.

Nilizaliwa ndani ya kibanda cha majani ambamo mtu mzima hakuweza kusimama. Kuzaliwa kwangu kulikuwa rahisi. Kondo la nyuma ndilo lililokataa. Lilipotoka, damu ilifuata, na haikusimama. Iliupita mkeka, ikaingia ardhini, na udongo wa pale ukawa laini kama wa kando ya mto. Mama mukubwa alibana, akafunga, akaomba. Mama akawa mwepesi na baridi, na midomo yake ikawa na rangi ya majivu. Mama mukubwa aliweka sikio kifuani mwake na hakusikia kitu. Aliniweka pembeni nikiwa nimefungwa kwenye kipande cha kikwembe, akaanza kumfumba dada yake macho.

"Nilimufumba," aliniambia. "Halafu akafumbua."

Alitwanga kidogo, kisha akaongeza kwamba tangu pale hakumsikia tena mama akilia. Hakulia kwa ajili ya bibi, hakulia kwa njaa, hakulia kwa uchungu. Maziwa hayakutoka hata tone. Nilinyonyeshwa na mwanamke mwingine aliyejificha nasi msituni ambaye alikuwa na mtoto wake mchanga, na alipoondoka na watu wake nikalishwa maji ya wali. Vita vilipotulia wakarudi mjini, mama mukubwa akiwa amenibeba mgongoni na mama akitembea nyuma, akisimama kila mahali palipokuwa na jua.

Baba alitupokea kwa furaha. Alikuwa mtu mwema, na sitaki kumsema vibaya. Alikaa naye miaka kadhaa. Lakini mwili wa mama haukurudi kwenye mwezi wake, mimba haikuja, na kitandani, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, alilala kama mtu aliyewekwa pale. Nywele za kwapani zilikuwa zimeanguka zote na hazikuota tena. Baba akavuka mto, akaoa mke mwingine mtaa wa Alunguli. Alikuja kutusalimu mara kwa mara na alileta samaki. Siku moja mama mukubwa alimlaumu, na mimi nilisikia jibu lake kutoka nyuma ya nyumba.

"Mwanamuke niliyeoa alibakia kule pori," alisema. "Huyu sijui ni nani."

Alisema bila hasira. Ndiyo sababu neno lile lilinikaa.

Nilimaliza masomo, nikaanza kufundisha shule ya msingi mtaa wa Kasuku. Kwa mshahara wangu wa kwanza wa kweli nilimpakia mama kwenye pikipiki nikampeleka kwa daktari. Mimi sikuamini habari za uchawi, au nilijiambia hivyo, kwa sababu mtu anayefundisha sayansi darasani hawezi kurudi nyumbani na kumwogopa mama yake. Daktari yule alikuwa kijana makini. Alimtazama mama, akamshika shingo, akasema kwamba kila alama inaonyesha tezi ya shingo imelala. Walichukua damu, ikapelekwa mji mwingine, kwa sababu hapa kipimo kile hakikuwepo. Majibu yaliporudi, daktari alikuwa kama mtu aliyedanganywa. Yalisema tezi haina tatizo. Kipimo kilikuwa katikati kabisa ya mstari wa watu wazima wenye afya. Akasema basi huenda ni huzuni ya vita, kwamba watu wengi wa hapa walibaki hivyo, na tumwombee.

Tulirudi nyumbani. Nakumbuka nilimtazama mama akiwa amekaa kwenye jua na nikafikiri: ana afya. Karatasi inasema ana afya. Na kwa mara ya kwanza nilimwogopa kama wale watoto wa chumvi walivyomwogopa.

Kisha ikaja malaria. Ingekuwa ya mtu mwingine, angetetemeka, angepata homa, angepona. Mama hakupata homa. Alitapika tu, akaacha kula, akaacha kuongea, na asubuhi moja tulimkuta hapumui. Mzee mmoja wa msikitini aliitwa, akaweka vidole shingoni mwake muda mrefu, akatikisa kichwa. Alikuwa wa baridi, lakini mama alikuwa wa baridi siku zote, kwa hiyo baridi ile haikutuambia kitu. Mama mukubwa alikaa chini ukutani. Watu wakaanza kuja, viti vikaazimwa, sanda ikanunuliwa. Kwetu Waislamu maiti halazwi nyumbani. Kabla ya adhuhuri wanawake walikuwa wamezungusha mikeka nyuma ya nyumba ili wamwoshe.

Niliingia ndani ya mikeka ile kwa sababu mimi ndiye binti. Kulikuwa na wanawake wawili waoshaji, watu wazima waliokwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi, na mama mukubwa aliyeshika birika. Maji yalikuwa yamepashwa moto kidogo. Mama alilazwa juu ya mbao, amefunikwa kitambaa, na mwanamke wa kwanza akaanza kumimina upande wa kulia, polepole, huku mdomo wake ukisoma. Jua lilikuwa limetuangukia sote kichwani. Nje watu walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi. Niliona kitambaa kinanyanyuka kidogo juu ya kifua chake nikafikiri ni maji yanayopita chini yake.

Halafu nikasikia sauti yake. Ilitoka nzito na ya mbali, bila haraka, kama siku zote.

"Muongeze maji ya moto. Ninasikia baridi."

Mwoshaji wa pili alitoka mbio, akaangusha mkeka mmoja, na wote waliokuwa uani wakaona. Wa kwanza hakukimbia. Alibaki ameshika kata yake, midomo ikiendelea kusoma bila sauti. Mama mukubwa ndiye aliyefanya lililotakiwa: alikwenda jikoni, akaleta sufuria ya maji ya moto, akayachanganya, akammiminia dada yake mabegani, kidogo kidogo, mpaka mama akafumbua macho yote mawili.

Tulimkimbiza kituo cha afya akiwa amelowa. Walimtundikia maji ya chumvi na sukari, na akaishi. Lakini uani kwetu viti vilirudishwa kwa wenyewe, na tangu siku ile hakuna aliyenunua chumvi mezani kwake. Watu walivuka barabara. Mwanafunzi wangu mmoja aliondolewa darasani kwangu. Mimi mwenyewe niliweka kitanda changu karibu na mlango. Wakati mwingine mchana, akiwa amelala, nilisimama juu yake nikisikiliza, na sikujua ninasikiliza ili niombe nini.

Habari ile ilienea mpaka hospitali, na huko ilimfikia daktari mwanamke aliyekuwa amekuja kufanya kazi kwetu kwa muda, mtu wa Kivu, mfupi, mwenye miwani. Hakutuita. Alikuja mwenyewe nyumbani, kwa miguu, akaketi kwenye kiti cha wateja mbele ya meza isiyo na wateja. Alimsalimu mama kwa heshima, akangoja jibu lake bila kulirudia swali. Hilo peke yake lilinishangaza. Kisha akanitazama mimi, akamgeukia mama.

"Mama, huyu mutoto, ulimunyonyesha?"

"Hapana," mama alisema baada ya muda. "Maziwa haikutoka."

"Na damu, siku ulimuzaa?"

Mama mukubwa akajibu kwa niaba yake, akaeleza mkeka na udongo uliolowa. Daktari alisikiliza yote. Akauliza habari za mwezi, za nywele, za kizunguzungu akisimama. Kisha akasema jambo ambalo tangu hapo sijaacha kuliwaza.

"Watu wenu hawakukosea sana. Kuna kitu ndani yake kilikufa kule porini. Ni kidogo, kama njugu."

Alitueleza kwa subira. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoziamrisha tezi nyingine za mwili. Mwanamke akiwa na mimba inavimba na inahitaji damu nyingi, na akipoteza damu yote kwa ghafla, inaweza kufa yenyewe huku mwenye nayo akibaki hai. Tezi ya shingo ya mama haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa haiamshwi. Na kile kipimo cha kwanza kilipima amri inayotoka kichwani, si homoni inayotengenezwa shingoni. Amri ilikuwa bado inaonekana kwenye damu kwa kiasi cha kawaida, ila haikuwa na nguvu ndani yake. Ndiyo maana karatasi ilisema ni mzima.

Lakini hakutaka kukisia. Mama alikuwa akila kidogo sana, na alikuwa ametoka kuugua. Mwili wenye njaa, alisema, nao unapunguza moto wake makusudi. Unaichukua homoni ya shingo na badala ya kuigeuza kuwa ile inayofanya kazi, unaigeuza kuwa nyingine inayofanana nayo karibu kwa kila kitu, isipokuwa imekaa kinyume, na hiyo haifanyi lolote. Zote mbili zinazunguka kwenye damu. Katika njaa, ile ya kinyume huwa nyingi. Kama ni tezi ya kichwani iliyokufa, zote tatu zitakuwa haba, ile ya shingo, yaani mzazi, na hizo mbili, watoto wake. Alikuwa na mwenzake nchi za ng'ambo mwenye mashine ya kuzipima moja moja. Akachukua damu ya mama siku hiyohiyo, ikawekwa kwenye barafu, na ikapanda ndege kuacha Kindu, mji ambao mama hakuwahi kuuacha ila kwa miguu.

Kipindi cha kungoja kilikuwa kigumu kwangu. Nilikuwa nikifikiria ile homoni ya kinyume, inayofanana na nyingine kwa kila kitu na haifanyi lolote, ikizunguka ndani ya mwili wa mama, na nilijikuta nikimtazama usoni wakati anakula.

Majibu yalikuja. Zote zilikuwa haba, na ile ya kinyume ilikuwa haba pia. Na homoni nyingine, ya tezi zilizo juu ya figo, ile inayomshikilia mtu akiugua, karibu haikuwepo, ndiyo maana malaria ndogo ilimfikisha kwenye mbao za kuoshea. Daktari alisisitiza tuanze na kidonge cha hiyo, na kile cha shingo kifuate baadaye, kidogo kidogo. Tukianza na cha shingo, alisema, mwili utaamka na kudai nguvu usizo nazo, na safari hii atakufa kweli. Akatufundisha kwamba mama akipata homa au akitapika, kidonge cha kwanza kiongezwe na aletwe upesi.

Sikuona badiliko likianza. Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta kiti chake hakipo ukutani. Nilizunguka nyumba nikimtafuta. Alikuwa amekaa upande wa kivuli, amevua sweta, na juu ya mdomo wake kulikuwa na jasho. Aliponiona aliniambia nisisimame kama mlingoti, nilete maji. Alisema papo hapo. Hapakuwa na kungoja. Nilileta maji na mkono uliopokea kikombe ulikuwa wa moto, nami karibu nikiangushe.

Sauti ilipanda, ikawa nyembamba kuliko nilivyowahi kuijua. Alianza kucheka, kicheko kifupi cha puani ambacho hakuna mtu nyumbani mwetu aliyewahi kuwa nacho. Akaanza kubishana. Alikuwa mkali kuhusu wali ulioungua. Aliuliza baba yuko wapi, kana kwamba amechelewa tu kurudi, na tulipomkumbusha mke wa Alunguli uso ukamkunjamana kwa hasira. Siku nyingine nikamkuta amepiga magoti jikoni, amejishika tumbo, analia kwa sauti ya mtu aliyepigwa sasa hivi. Nilifikiri ni ugonjwa. Nilimshika nikimuuliza kama amekunywa kidonge, kama ana maumivu.

"Tulimuacha kwa majani," alisema. "Tulimuacha mama yangu chini ya majani."

Alimlilia bibi siku nyingi. Watu wa mtaa walisikia, na polepole wakaja, mmoja mmoja, kuketi naye kama wanavyoketi kwenye msiba. Yule mwoshaji ambaye hakukimbia alikuja pia. Mama mukubwa alimpakata dada yake kichwa, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuuona.

"Huyu ndiyo mudogo yangu," aliniambia juu ya kichwa kile. "Nilikuwa ninamungojea tangu pori."

Mimi sikuwa nikimngoja mtu. Hilo ndilo ambalo sikuweza kumwambia yeyote. Mama niliyemjua, mzito, wa mbali, aliyenisuka nywele kwa vidole vya kisimani na kunijibu kutoka chumba kingine, hakuwepo tena, na hakuna aliyemwekea matanga. Mahali pake palikuwa na mwanamke mwenye nyusi kamili, mchangamfu, mwenye hasira, aliyejua nyimbo, na aliyenitazama wakati mwingine kwa udadisi, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba.

Anakunywa vidonge vyake mpaka leo, na kila vinapochelewa kufika kwa ndege mimi na mama mukubwa hatulali vizuri. Anauza tena, si chumvi, ni vikwembe, sokoni Kasuku. Baba alikuja mara moja, akasimama mlangoni akimsikiliza anavyoongea, na akaondoka bila kuketi.

Juzi, mvua ilipotuzuia ndani, mama alikuwa akikunja vikwembe vyake, akaacha akanitazama.

"Niambie," alisema. "Ulikuwa mutoto wa namna gani?"

Nilimjibu kwamba alikuwepo, alinilea, alikaa nami kila siku.

"Najua nilikuwepo," alisema. "Ninaona mambo, lakini niko ninayaona kama vile waliniambia habari ya muntu mwingine. Niambie wewe."

Basi nikasogeza kiti karibu, nikaanza na msichana wa shuleni na swali nililomletea siku ile akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka kujua alinijibu nini.

Nilimwambia kwamba alisema hajui. Alinitazama muda mrefu, hivi kwamba kwa dakika ile nilifikiri yule mwingine amerudi, kisha akaokota kikwembe kingine, akaniambia niendelee.